Je, Wajua? Iringa ya Kwanza Haiko Iringa

Je, wajua kwamba Iringa ya leo siyo ile aliyoilinda Mkwawa, mtawala wa Wahehe? Ile ya kwanza ni Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo, kama kilomita 15 kutoka mjini. Kwa Kihehe ngome ni lilinga. Midomo ya wageni ikaitamka Iringa. Mtwa (yaani chifu) Mkwawa alikuwa ameizungushia ukuta wa mawe wenye kimo cha karibu mita 4, lakini tarehe 30 Oktoba 1894 mizinga ya Wajerumani, chini ya Gavana Friedrich von Schele, iliiangusha. Mwaka 1896 wakajenga boma lao kilimani, wakaliita Iringa Mpya. Lile "Mpya" likadondoka njiani, na Kalenga, mwenye jina, ikabaki kijiji.

Je, wajua kwamba ukoo uliowatawala Wahehe ulianza na mpita njia? Wazee husimulia kuwa mwindaji mmoja, Mufwimi (ndiyo maana ya neno lenyewe), alifika Ng'uluhe akifuata wanyama, akapendana na Semduda, binti wa mtawala Mwamduda. Aliondoka kabla mtoto hajazaliwa, ila jina aliliacha: akiwa wa kiume, aitwe Muyinga. Alikuwa wa kiume, akarithi kiti cha babu yake mzaa mama, na kizazi chake kikawa akina Mwamuyinga. Yasikilize tena majina hayo: Mwamduda baba, Semduda binti. Mwa- ni ya wanaume, Se- ya wanawake, ukoo ni uleule. Katika karne ya 19 Munyigumba, wa ukoo huo, alianza kuziunganisha tawala ndogo ndogo, na mwanawe Mkwawa akaendeleza.

Kabla ya koo zote hizo kulikuwa na Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini, ambako korongo limejaa mashoka ya mawe ya watu wa kale.

Je, wajua kwamba fuvu la Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, nao wakalichukua, limetajwa katika Mkataba wa Versailles? Kifungu cha 246 kiliipa Ujerumani miezi 6 kulikabidhi kwa Waingereza. Ilipita miaka 35. Tarehe 19 Juni 1954 Gavana Twining wa Tanganyika alilikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Fuvu halikuwekwa mjini. Lipo Kalenga.