Kichocho na Michezo ya Vijana Majini

Wako wazee wanaodhani kwamba kijana akikojoa damu amebalehe tu, wala hapana haja ya kumpeleka hospitali. Dhana hii si kweli, nayo imewadhuru wengi. Damu ile ni ya kichocho, na kichocho huletwa na minyoo wakaao katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu. Mnyoo mmoja aweza kuishi humo miaka 3 hata 10. Asiyetibiwa huharibika kibofu, na ukubwani aweza kupatwa na saratani. Wasichana nao huumia katika viungo vya uzazi, na pengine hukosa kuzaa.

Twapenda kueleza njia ya ugonjwa huu, maana ajuaye njia ya adui ndiye awezaye kuiziba. Mtu mwenye kichocho akikojoa mtoni au bwawani, mayai ya minyoo huanguliwa majini, na vijidudu vyake huingia katika konokono wadogo. Humo huongezeka majuma kadhaa, kisha hutoka maelfu kwa maelfu, hasa wakati wa jua kali la mchana. Kijana aogeleaye saa hiyo hupenywa ngozi kwa dakika chache, asihisi ila mwasho kidogo, au asihisi kitu. Basi desturi mbili za vijana ndizo ziulishazo ugonjwa huu: kukojoa majini na kuogelea mabwawani.

Tutazame mambo yaliyofanyika Unguja na Pemba. Katika miaka ya 1980, yapata nusu ya watoto wa shule kisiwani Pemba walikuwa na kichocho. Dawa ziligawiwa, na ugonjwa ukapungua sana. Tangu mwaka 2012 dawa ya prazikwanteli ilitolewa mara mbili kwa mwaka. Mahali pengine konokono waliuawa, na pengine watu walifundishwa kubadili desturi. Walimu walipewa mafunzo, vyoo vya kukojolea vikajengwa, mahali pa kufulia pakatengenezwa, na watoto wakafundishwa michezo ya nchi kavu. Jambo hili la mwisho lina hekima, kwani kijana akinyimwa mchezo asipewe mwingine, ataurudia ule wa kwanza kwa siri. Kufikia mwaka 2017, wenye ugonjwa kwa wastani walikuwa chini ya 5 katika kila watoto 100.

Wala mtu asidhani kwamba dawa peke yake yatosha. Dawa huua minyoo waliokomaa, lakini haiwazuii wengine kuingia. Kijana aliyemeza dawa leo, akirudi bwawani kesho, aweza kupatwa upya.

Kwa hiyo twawashauri wazazi na walimu mambo haya. Kwanza, kila shule na kila nyumba iwe na choo, na vijana wakitumie. Pili, maji ya kuoga yatokayo bwawani yachotwe, yachujwe konokono, yawekwe siku 2 kamili katika chombo kilichofunikwa, vijidudu vitakufa. Tatu, vijana wapewe uwanja na mpira. Wakaao pwani waogelee baharini, maana konokono hawa hawaishi katika maji ya chumvi. Nne, kijana aonaye damu asicheke na wenzake wala asione haya, bali apelekwe upesi apimwe mkojo. Samaki mkunje angali mbichi.