Picha za Marubani wa Kwanza: Ni Nani Aliyesimama Pembeni?

Ninyi mlio madarasani na sisi tuliokwisha kumaliza masomo, sote twayajua maji ya mto Rusizi yanayopita hapa Rusizi II, nasi twaijua kazi yake: yanazungusha mitambo na kutoa umeme. Maji hayo hutoka Ziwa Kivu, lililo kiasi cha meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, yakashuka mpaka Ziwa Tanganyika, lililo kiasi cha meta 770. Mteremko huo ndio unaotupa nguvu. Lakini leo nataka tuyafuate maji hayo mpaka mwisho wa safari yake, kwa maana katika ziwa hilo unamoingia mto wetu, mwaka 1916, eropleni zilipaa kutoka majini kwenda vitani. Picha nazo husomwa kama vitabu, na picha za eropleni za zamani zina mengi ya kutufundisha kama tukijua pa kutazama.

Tuanze na ile iliyo mashuhuri kuliko zote. Ilipigwa tarehe 17 Desemba 1903, karibu na Kitty Hawk, katika jimbo la North Carolina huko Marekani. Orville Wright amelala kifudifudi juu ya bawa la chini la eropleni, na nduguye Wilbur amesimama upande wa kulia baada ya kukimbia kando ya chombo. Chombo kimekwisha kuiacha ardhi. Safari hiyo ilikuwa ya sekunde 12 tu, na mwendo wake futi 120, yaani meta 36 na kidogo.

Je, nani aliyepiga picha, ikiwa ndugu wote wawili wamo ndani yake? Orville aliiweka kamera tayari juu ya miguu yake mitatu, akaielekeza mahali alipotumaini chombo kitapaa. Kisha akamwomba John T. Daniels, mtu wa kituo cha kuokoa mabaharia, aminye kipira cha kamera chombo kitakapofika hapo. Daniels hakuwa mpiga picha. Hata hivyo, kwa mminyo ule mmoja aliupatia ulimwengu ushahidi.

Picha hiyo ilinaswa juu ya sahani ya kioo. Mwaka 1913 mji wa Dayton, walikokaa ndugu wale, ulikumbwa na mafuriko, na sahani zao nyingi ziliingia maji. Ile ya 1903 iliharibika kidogo tu, ikapona.

Sasa liangalieni jambo hili. Watu watano walikuwapo siku ile kuwasaidia na kushuhudia: Daniels, Dough, Etheridge, Brinkley, na kijana mmoja aitwaye Johnny Moore. Katika picha hawaonekani hata mmoja, lakini majina yao tunayo, hata la yule kijana aliyejiendea tu kutazama. Kwa nini? Kwa sababu Orville aliyaandika katika daftari lake la kila siku. Mstari mmoja umewahifadhi kwa zaidi ya miaka 100.

Basi tuje kwetu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa na meli kubwa katika Ziwa Tanganyika, iliyoitwa Graf von Götzen, na bandari yake ilikuwa Kigoma. Wabelgiji, waliokuwa ng'ambo upande wa Kongo, walipata kutoka Uingereza ndege nne za majini, aina ya Short 827. Ndege hizo zilikuwa na mabawa ya tabaka mbili, na mahali pa magurudumu zilifungiwa maboya yaliyofanana na mitumbwi. Zilifika Kongo ndani ya masanduku, zikapita kwa reli na kwa meli za mtoni, nchi nzima kutoka bahari ya magharibi mpaka ziwani.

Kufika si kupaa. Mawimbi ya Tanganyika ni makali, kwa hiyo ilitafutwa wangwa yenye maji matulivu kando ya ziwa ndipo zikaungwa huko. Tena, mahali palipo juu na penye joto hewa ni nyepesi: injini hupungukiwa nguvu, na bawa hupata hewa kidogo ya kuegemea. Chombo kilichopaa kwa urahisi baharini kilipata taabu kung'oka majini hapa. Mzigo wa bomu uliongeza taabu hiyo.

Tarehe 10 Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe, pamoja na mwenzake Collignon, waliruka mpaka Kigoma wakaishambulia meli ile. Lakini Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoa mizinga yake mikubwa na kuipeleka kwa jeshi la nchi kavu, wakaweka mizinga ya mbao mahali pake. Aliyetazama kutoka mbali aliona mizinga, kumbe aliona vigogo. Mwezi uliofuata Wajerumani waliizamisha meli wao wenyewe. Baadaye Waingereza waliiibua, na tangu 1927 ikabeba abiria kwa jina la Liemba. Behaeghe hakuuona mwisho wa vita: alikufa kwa ugonjwa huko Kongo mwezi wa Desemba 1916.

Hapa ndipo penye somo langu. Tukisoma habari za ndege zile nne, tunakuta majina ya marubani, ya maafisa, hata aina ya injini. Lakini masanduku hayakutembea yenyewe. Ndege haikujivuta yenyewe mpaka majini, wala kuni za meli za mtoni hazikujikata zenyewe. Ilikuwako mikono mingi ya watu wa nchi hizi. Mimi nimetafuta majina yao nisiyapate. Johnny Moore, aliyesimama tu kutazama, tunalijua jina lake. Aliyeingia majini mpaka kifuani akiishika ndege isipigwe na mawimbi, hatulijui.

Baada ya vita marubani walikuja kutoka mbali zaidi. Edmond Thieffry, Mbelgiji, aliondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925 pamoja na wenzake wawili, wakafika Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, tarehe 3 Aprili: safari ya siku 51. Alirudi Kongo kutafuta njia za ndege za humo nchini, akafa katika ajali karibu na Ziwa Tanganyika mwezi wa Aprili 1929. Kadhalika Walter Mittelholzer, Mswisi, aliyekuwa rubani na mpiga picha pia, aliruka kwa ndege ya maji kutoka Zürich mwezi wa Desemba 1926 akafika Cape Town mwezi wa Februari 1927. Picha zake nyingi zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu cha ETH huko Zürich. Ni picha nzuri za milima, maziwa na vijiji. Lakini kutoka juu, mtu ni nukta.

Basi, ukiishika picha ya eropleni ya zamani, uisome hivi. Kwanza, tazama pangaboi la mbele: likionekana wazi, yaelekea injini ilikuwa imezimwa, likiwa kama ukungu, lilikuwa likizunguka. Pili, tazama chini: magurudumu au maboya? Hayo yatakuambia kama kiwanja chake kilikuwa nchi kavu au maji. Tatu, usishangae watu kusimama wima kama nguzo. Kamera nyingi za zamani zilihitaji utulivu. Aliyetikisika alitoka kama kivuli. Nne, na hili ndilo kubwa, acha kumtazama rubani aliye katikati, utazame pembeni. Nani anayeshika kamba? Nani amebeba debe la mafuta? Kisha geuza picha usome nyuma.

Nasema hivi kwa kuwa jambo hili limenikuta mwenyewe. Babu yangu alikuwa na picha moja sandukuni, ya ndege ndogo katika uwanja wa Kamembe, na vijana wanne mbele ya bawa. Yeye alikuwa wa pili kutoka kushoto. Nilipokuwa mwanafunzi alinitajia majina ya wenzake watatu, na kazi waliyoifanya pale, nami nikaitikia "ndiyo, babu" huku mawazo yangu yako kwenye mpira. Babu alipofariki tuliigeuza picha ile. Nyuma palikuwa peupe. Leo namjua mmoja kati ya wanne, na wale watatu wana watoto na wajukuu, pengine hapa hapa Cyangugu, ambao wangefurahi kuiona sura ya mzee wao. Sina njia ya kuwapelekea.

Kwa hiyo nawaomba, likizo hii, kila mmoja atafute picha moja ya zamani nyumbani kwao. Iwe ya ndege, ya harusi au ya shule, mamoja. Mketi na mzee, mumwulize: ni nani hawa, kutoka kushoto kwenda kulia? Ni wapi? Ni mwaka gani? Nani aliyeipiga? Andikeni nyuma, ukingoni, kwa penseli laini, bila kukandamiza, kwani kalamu ya wino hupenya na ncha ngumu huacha alama upande wa sura. Na ninyi mnaopiga picha kwa simu, msidhani mmesalimika: picha elfu zisizo na jina ni elfu za wasiojulikana.

Maji ya Rusizi yakipita hayarudi, na wazee wetu ni vivyo hivyo. Tuulize wangali wakijibu.

Mwanafunzi wa zamani