Kuongeza si kuzidisha

Vijana wetu wanaojifunza Kiingereza wanapenda sana neno "exponentially". Bei ya unga ikipanda, mmoja anasema: "Beyi inapanda exponentially!" Wenzake wanacheka, lakini wanaojua maana ni wachache. Kwa Kifaransa tunasema "de façon exponentielle". Inafaa wazazi nao waielewe, juu neno hili linagusa feza ya nyumba.

Wengi wanafikiri maana yake ni "mbio sana". Hapana. Neno linaonyesha namna ya kukua: kila muda ukipita, kitu kinazidishwa kwa kipimo kilekile, na kilichoongezeka jana nacho kinazaa leo.

Tuchukue mkopo wa mtaani, ule watu wanaouita "banki lambert". Baba anakopa dola 100, riba ni nusu ya deni kila mwezi. Anawaza: "Mwezi moja 50, miezi 6 ni 300, nitarudisha 400." Hiyo ni kuongeza. Lakini kama halipi kitu, na riba inaingia katika deni, mwezi wa 1 deni ni 150, wa 2 ni 225, wa 3 ni 337 na nusu, wa 4 ni 506, wa 5 ni 759, wa 6 ni 1.139. Mwezi wa kwanza liliongezeka 50. Mwezi wa sita peke yake, 380! Riba imezaa riba.

Mshahara ukiruka mara moja toka dola 100 mpaka 300, ni furaha, lakini si "exponentially". Na kitu kinaweza kwenda polepole, neno likawa sawa: watu wa Kongo wanaongezeka karibu 3 kwa mia kila mwaka. Kwa mwendo huo wanakuwa mara mbili katika miaka karibu 24.

Wewe unayekopesha, soma Kutoka 22:25: Mungu anakataza kumtoza maskini riba. Na wewe unayetaka kukopa, mbele ya kupokea feza, kaa na bibi yako na mtoto anayesoma hesabu. Andikeni deni mwezi kwa mwezi kwenye karatasi. Ukilipa riba yote kila mwezi, deni linabaki 100, ukiiacha, inazaa. Kama karatasi inawatisha, afazali kuacha mkopo huo.