Zima stima, mwezi uko nje

Je, msomaji, ni lini mara ya mwisho wewe na aila yako mliketi nje ya nyumba usiku bila kufanya lolote ila kuutazama mwezi?

Wengi wetu hatukumbuki. Jua likitua tunafunga milango, tunawasha stima na kila mmoja anazama katika runinga au simu yake. Mwezi mpevu huchomoza ukapita juu ya paa bila mtu kuujali, isipokuwa siku ambayo stima imepotea.

Nchini Japani kuna usiku uliotengewa shughuli hiyo. Ni usiku wa 15 wa mwezi wa nane katika kalenda yao ya kale, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na kalenda ya kisasa mwaka 1873. Kwa hesabu yetu, usiku huo huwa kati ya mapema Septemba na mapema Oktoba. Mwaka 2024 uliangukia Septemba 17 na mwaka 2025 Oktoba 6. Desturi yenyewe ilitoka China, na makabaila wa Japani wakaipokea zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

(Watu wa Pwani yetu nao, wanapomsifu mrembo, humfananisha na mwezi wa kumi na nne. Hesabu zinatofautiana kwa siku moja kwa sababu huku mwezi huanza kuhesabiwa unapoandama ukaonekana.)

Kwa nini wakachagua majira hayo, majani yanapoanza kupukutika? Kwanza, joto la fukuto limekwisha na anga limetakata. Pili, katika nchi za kaskazini mwezi mpevu wa majira ya joto hupita chini sana, na ule wa baridi kali hupita juu mno hadi shingo ikauma. Huu huwa katikati.

Isitoshe, huo ni wakati wa mavuno. Kwa kawaida mwezi huchelewa kuchomoza kwa takribani dakika 50 kila siku. Lakini katika nchi za mbali kaskazini, kama vile Uingereza, mwishoni mwa Septemba tofauti hiyo hupungua ikawa chini ya dakika 30. Zamani kabla ya taa za stima, mkulima aliyekuwa na nafaka shambani na mvua ikimkaribia aliweza kuendelea kuvuna usiku kadhaa mfululizo kwa mwangaza huo. Sisi tulio kwenye ikweta hatupati fadhila hiyo, maana huku tofauti haibadiliki sana mwaka mzima.

Kwa hivyo meza ya Wajapani usiku huo ni meza ya shukrani kwa mavuno. Kwenye baraza ya mbao inayotazama bustani, huweka nyasi ndefu zenye vishungi vyeupe badala ya masuke ya mpunga, na mipira 15 ya unga wa mchele iliyopangwa kama piramidi. Na utashangaa ni nini kingine: nduma! Naam, aina ileile tunayochemsha hapa kwa chai ya asubuhi. Sehemu nyingine, huo huitwa mwezi wa nduma.

Katika vijiji vingi, watoto waliruhusiwa kuinyemelea mipira hiyo na kuiiba kwa kijiti chenye msumari, na mwenye nyumba alifurahi, kwani kuibiwa usiku huo kulihesabiwa kuwa ni baraka. Wazee nao waliwaonyesha wajukuu sungura aliye ndani ya mwezi, akitwanga kwa kinu na mchi. Mwambie mwanao amtafute. Madoa yale meusi ndiyo masikio yake.

Wakubwa walijenga hasa kwa ajili ya mwezi. Katika kasri la Katsura mjini Kyoto, lililojengwa karne ya 17, kuna jukwaa la mianzi mbele ya kidimbwi, ili mtu aone miezi miwili: mmoja angani na mmoja majini. Wewe huhitaji kasri. Beseni pana la maji likiwekwa uani hufanya kazi iyo hiyo.

Tandika mkeka mahali panapoelekea mashariki kabla jua halijatua, kwa sababu mwezi mpevu huchomoza karibu wakati huohuo. Zima taa zote, hata ya jikoni, na simu zibaki ndani. Wapake watoto dawa ya mbu. Kisha wape fumbo hili: mwezi unapochomoza huonekana mkubwa ajabu, na baada ya saa chache umenywea. Wanyooshe mkono na kuupima kwa ukucha wa kidole kidogo nyakati zote mbili. Watakuta ukubwa haukubadilika. Ni macho yaliyowadanganya. Mwezi wenyewe uko umbali wa kilomita 384,400 hivi.

Mawingu yakitanda, msivunjike moyo. Wajapani wana jina la usiku ambao mwezi umefichwa na mawingu, na jina jingine la usiku wa mvua, na huketi vivyo hivyo, wakisikiliza nyenje.

Kuna sharti moja tu, nalo ndilo zito. Kwa desturi ya kale, aliyeutazama mwezi huo alipaswa kuutazama tena usiku wa 13 wa mwezi unaofuata, tena katika bustani ileile. Kutazama mara moja tu ilikuwa mkosi. Mara hiyo ya pili mwezi haujajaa sawasawa, na jua likitua utaukuta tayari uko juu.

Kwa hivyo kabla hujakunja mkeka, hesabu siku 27 au 28 na uwatajie wote tarehe hiyo: nyanya anayelalamikia magoti, kijana aliye shule ya bweni, na yule ambaye kazi yake iko mji wa mbali na husema kila mara kwamba atakuja mwezi ujao.