Buluu ya Kufulia na Hati za Watoto Wetu

Wapo wazazi wa Kibaha na Kisarawe wanaowakatiza watoto kupamba hati za Kiarabu kwa kuwa rangi za maji ni ghali. Ghali hasa ilikuwa buluu ya misahafu ya kale, iliyosagwa kutokana na jiwe la lapisi lazuli la Badakhshan, Afghanistan. Mwaka 1828 Jean-Baptiste Guimet alitunukiwa zawadi nchini Ufaransa kwa kuiunda kiwandani, nayo ndiyo buluu ya unga tunayofulia kanzu. Si pakiti zote, hata hivyo: itoneshewe ndimu, iliyo halisi hupauka, kwani asidi huivunja. Ichanganywe na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa majini, ikorogwe kila mara, maana chembe zake huzama. Zikituama kwenye karatasi isiyo laini, huacha vidoadoa. Mimi navipenda, walimu wa hati huvichukia.