Kijani cha Migomba Kinavyofichwa na Negativu

Katika negativu ya rangi, kibanja cha Kihaya hugeuka kinyume. Migomba inakuwa na wekundu wa zambarau. Kanzu nyeupe ya bwana harusi inageuka rangi ya kahawa iliyokaangwa, na nyuso za wakwe zinapauka kama zimepakwa majivu. Juu ya vyote umetanda utando wa rangi ya chungwa. Utando huo si uchakavu. Waliotengeneza filamu waliuweka kwa makusudi, urekebishe kasoro za rangi picha inaposafishwa kwenye karatasi. Anayeskani nyumbani ndiye unaomtesa. Programu ikigeuza rangi bila kuuondoa kwanza, picha huja na ubuluu, utadhani Ziwa Victoria limemwagika uani. Fundi makini huanza na kipande kitupu cha mkanda, pembeni mwa picha, aionyeshe programu rangi ya kuondoa.

Kabla ya hapo kuna ukungu. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na Muleba nako unyevu haukosi. Gelatini inayobeba picha hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, kwa hiyo kwa ukungu ni chakula. Negativu iliyoshikwa na ukungu haioshwi kwa maji, kwani gelatini iliyoliwa huyeyuka na picha ikaenda nayo. Hupulizwa kwa kipulizio cha mpira au hupitishiwa brashi laini, ikiwa imeshikwa kingoni.

Picha moja ya mkanda wa milimita 35 ina upana wa milimita 36 na kimo cha 24. Ikiskaniwa kwa nukta 2,400 kwa inchi, hutoa nukta kama 3,400 kwa 2,270, zinazotosha kuchapa karibu ukurasa mzima wa A4. Asiye na skana huweka negativu juu ya plastiki nyeupe yenye mwanga chini yake, akaipiga kwa kamera. Upande unaong'aa ukitazama juu, herufi za pembeni husomeka sawasawa.

Kisha unakuja ule ukijani wa migomba. Picha ya zamani ya karatasi si shahidi mzuri, maana nayo imepauka. Mgomba wa nje ya dirisha unasaidia, lakini upi: wa Aprili uliooshwa na mvua, au wa Julai wenye vumbi jekundu? Bibi aliyekuwepo harusini anaweza kukumbuka gauni na asikumbuke majani. Nani basi aamue?

Rangi ikishakubaliwa, picha huchapwa kwenye karatasi ya picha, si ya kawaida inayokunywa wino. Huachwa siku nzima ikauke kabla ya kuingia kwenye albamu, hasa masika. Negativu hurudi kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni unaofungia unyevu, na huwekwa juu kabatini, mbali na sakafu.