Fahamu: Martha Karua, wakili wa Kenya anayevuka mipaka

Mei 2025 Martha Karua alizuiwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na kurudishwa Nairobi. Alikuwa akienda kufuatilia kesi ya uhaini ya kiongozi wa upinzani Tanzania, Tundu Lissu. Miezi michache kabla, Baraza la Sheria la Uganda lilimnyima kibali cha kumtetea mwanasiasa wa upinzani Kizza Besigye, baadaye likakitoa.

Ni nani huyu? Alizaliwa 1957 Kirinyaga, akasomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na kuanzia 1981 akawa hakimu. Mwaka 1987 aliacha kazi hiyo akafungua ofisi yake, akatetea wapinzani wa serikali ya Rais Moi, akiwemo Koigi wa Wamwere. Zilikuwa kesi ambazo mawakili wengi walizikwepa.

Mwaka 1992 wapiga kura wa Gichugu walimpeleka bungeni, akakaa miaka 20. Katika mazungumzo ya 2008 ya kumaliza ghasia za baada ya uchaguzi, chini ya Kofi Annan, aliongoza upande wa Rais Kibaki, bila kulegeza kamba, na wapo wasiomsamehe kwa hilo hadi leo. Aprili 2009 alijiuzulu uwaziri wa sheria baada ya Rais kuteua majaji bila yeye kushirikishwa. Mawaziri wa namna hiyo ni adimu kwetu.

Alipogombea urais 2013 alipata kura 43,881 tu. Mwaka 2022 alikuwa mgombea mwenza wa Raila Odinga, wakashindwa.

Ushindi wake mmoja hautajwi sana: 2020, Mahakama ya Afrika Mashariki jijini Arusha iliiamuru Kenya imlipe dola 25,000, kwa kunyimwa haki katika kesi yake ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa ugavana wa Kirinyaga.